Ukurasa wa Kumi na Nne na Mkomamanga wa Nesi

Jumatatu, 2 Machi

Hukumu imetoka. Mke wangu amesema kile kipande cha udongo nyuma ya jiko kitamwagiwa zege Jumamosi ya tarehe kumi na moja Aprili, ili kaka yake apate pa kuegesha pikipiki. Nimemwambia pale ni bustani. Ameniuliza bustani ya nini. Swali gumu, kwa sababu kwa sasa pana makopo tisa na vijiti tisa vikavu.

Miaka mitatu sijaotesha kitu kikaishi. Mparachichi niliuzamisha kwa maji. Vipandikizi vya waridi havikufa kwa kiu wala kwa jua: nilikuwa navichomoa kila asubuhi kuona kama vimetoa mizizi, halafu navirudisha. Lakini nikiona jani jipya mahali popote, hata kwenye ufa wa ngazi ya dukani kwangu, moyo unanienda mbio. Sielewi watu wanawezaje kulipita bila kusimama.

Tumekubaliana hivi. Siku ya zege nikiwa na mti mmoja hai, wenye mizizi, niliouotesha mwenyewe, udongo unabaki. Shemeji alikuwepo. Alicheka mpaka akaomba maji ya kunywa.

Jumanne, 3 Machi

Bwana shamba kaleta kitabu chake dukani nimtolee fotokopi. Mashine ilikuwa inatema wino, nikaijaribu kwanza kwa kitambulisho changu. Ikatoa sura yangu imejaa karatasi nzima, pua kama kiazi. Nikaitupa kwenye trei ya karatasi mbovu. Baadaye ukurasa wa kumi na nne wa kitabu ukatoka umepinda. Nikamtolea mwingine, huo uliopinda nikaubakiza. Nimeusoma mara sita nikiwa nimesimama.

Jamani! Kumbe si lazima ukate tawi ndipo uliombe litoe mizizi. Unalimenya gome kuzunguka, upana wa vidole viwili, likiwa bado juu ya mti wake. Hapo palipomenywa unafunga udongo uliolowa kwa nailoni. Wiki tano, sita, na tawi linatoa mizizi huko huko juu. Hewani. Nimemsimulia mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti. Akaomba kopi yake.

Ukurasa unaishia kwa maneno haya: mizizi ikijaa, kata tawi. Ukurasa wa kumi na tano umeondoka na bwana shamba. Haidhuru, kukata najua.

Tawi ninalo. Yaani analo jirani, Nesi mstaafu. Mkomamanga wake una tawi linalopita sambamba na ukuta wetu, upande wake, unene wa kidole gumba. Kumwomba siwezi. Ndiye aliyenipa vile vipandikizi vya waridi, na kila Jumapili huuliza vinaendeleaje, nami kila Jumapili humjibu vinaendelea.

Jumatano, 4 Machi

Nesi hulala saa nane mchana mpaka saa tisa. Saa nane na dakika tano nilikuwa juu ya ngazi ya shemeji. Nimemwambia naazima kwa ajili ya balbu.

Gome lilitoka zima kama mkono wa shati. Chini yake mti ulikuwa mweupe, umelowa, unang'aa, na kwa kweli niliogopa. Sikujua kuna vitu safi namna ile vimejificha ndani ya kijiti. Nikaomba radhi kwa sauti ya chini, nikafunga udongo kwa kava la faili, lile la nailoni linaloonyesha, nikakaza na uzi. Kitabu kinataka furushi likingwe jua, basi nikatoa mfukoni karatasi niliyoichomoa kwenye trei ya karatasi mbovu, nikalizungushia. Upande mweupe ulinitazama mimi. Kazi safi kabisa. Hakuna atakayejua nani kafanya.

Alhamisi, 5 Machi

Nesi ameniita kupitia ukutani. Nilijua nimekamatwa. Kumbe alitaka tu kunisalimu. Amesema sura yangu kaiona leo asubuhi na ameona imekauka, ninywe maji. Sikumbuki kukutana naye asubuhi. Nimeshukuru na kunywa glasi mbili.

Jumapili, 15 Machi

Siku kumi na moja hakuna tone la mvua. Shemeji amepima udongo wangu kwa futi na kuchora mstari wa chaki ukutani pale taa ya pikipiki itakapofika. Anapiga mluzi akipima.

Nimepanda kuona furushi, nikitegemea kukuta tofali. Nikainua ncha ya karatasi. Udongo umelowa kana kwamba umefungwa leo! Nimeshindwa kuelewa. Mti unajinywesha wenyewe, au mkono wangu una baraka ambayo haikuwa imepata nafasi. Kwenye nailoni pana plasta ndogo ya kidonda, nadhifu, pembe zote nne. Lazima niliibandika mwenyewe kwa umakini nikasahau.

Mara tatu mkono ulienda kwenye fundo kufungua nione ndani. Mara tatu niliurudisha mfukoni. Nimeshuka bila kufungua.

Jumanne, 31 Machi

Nimeiona.

Mizizi. Minne, labda mitano, imeegemea nailoni kwa ndani, myembamba na myeupe kama tambi, na ncha zake zinapitisha mwanga. Wiki nne zilizopita hapo palikuwa na kijiti. Hakuna aliyekifundisha. Hakina macho, hakijawahi kugusa ardhi, lakini kimeelekeza mizizi chini, kinaitafuta. Nilisimama kwenye ngazi nimeziba mdomo kwa kiganja mpaka miguu ikafa ganzi.

Mke wangu ameniuliza mezani kwa nini nimenyamaza. Nimesema tumbo. Nilitamani sana kumwambia, lakini nikimwambia atauliza tawi ni la nani.

Jumamosi, 11 Aprili

Saa mbili asubuhi fundi wa zege yupo uani na toroli, anachanganya mchanga. Shemeji kaja na pikipiki kaiosha, anaingurumisha getini kuonyesha ni nzima. Mke wangu ameniuliza mti uko wapi. Nimesema unakuja, nikapanda ngazi na msumeno mbele ya watu wote.

Ukurasa unasema kata tawi. Haukusema wapi. Furushi lina pande mbili: ule wa shinani na ule wa nchani. Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo kwa siku thelathini na nane. Wa nchani ulikuwa mwembamba, nikaweka msumeno hapo.

Sauti ikatoka chini, upande wa pili wa ukuta, pole kabisa. Nesi. Akasema nikikata hapo nitaondoka na fimbo, mizizi itabaki kwake. Nikate chini ya furushi, upande wa shina. Nikatazama. Alikuwa kwenye kigoda chake, mkononi ana bomba la sindano limejaa maji, na kwenye kidole cha pili roli ya plasta.

Nilitaka kusema nafuta vumbi mti wake. Nikakata alipoonyesha.

Alizunguka kwa mlango wa mbele. Alinikuta nimeshachimba shimo na kulitumbukiza furushi pamoja na nailoni yake. Akanishika mkono, akaniuliza kama mimi huvaa viatu vikiwa ndani ya boksi. Kisha akapiga magoti, akafungua fundo taratibu, akatoa karatasi, akatoa nailoni kama anayefungua bandeji ya mtoto.

Furushi zima lilikuwa limeshikwa na mizizi. Udongo hauonekani. Mizizi imepishana, imekumbatiana, mingine ina vijizizi kama nywele. Fundi aliweka koleo chini. Shemeji alizima pikipiki. Mke wangu alichuchumaa, akaugusa mmoja kwa ncha ya kidole, akauliza kama kweli hivi vyote vimetoka kwenye kijiti. Nesi akamwambia ndiyo, na ameona watoto wengi wakizaliwa lakini hili nalo bado linamshinda. Nililia kidogo, nikasingizia saruji.

Mke wangu hakusubiri niseme lolote. Alimwambia fundi zege liishie kwenye kona ya jiko, hapa pabaki udongo. Shemeji hakubisha. Alienda mwenyewe kuleta ndoo ya maji, akamwagia polepole.

Ndipo Nesi aliponipa ile karatasi, kaikunja vizuri. Nikaifungua. Sura yangu, karatasi nzima, pua kama kiazi, imegeuka njano kwa jua. Siku thelathini na nane ilikuwa inatazama upande wake. Amesema alikuwa anaisalimu kila asubuhi kabla ya kuchoma maji. Ya waridi pia anajua, dirisha lake la juu linaona makopo yangu yote tisa, na aliniona nikivichomoa vipandikizi. Amesema nikitaka mche mwingine niombe tu. Mlango wake una kengele.

Shemeji kaomba aipige picha ile karatasi. Nimekataa.

Jumapili, 19 Aprili

Majani matatu mapya, mekundu, madogo kuliko kucha. Nimekaa juu ya ndoo tangu chai ya asubuhi nikiyatazama. Mke wangu amekuja kuniita mara mbili, mara ya tatu akaja na ndoo yake akakaa. Mti ule umelala juu ya mti mwingine maisha yake yote, na sasa umesimama wenyewe kwetu. Kila nikiuwaza, nywele zinanisimama.

Nesi ana mlimau. Tawi lake moja linapita karibu na ukuta, zuri, limenyooka, unene wa kidole gumba.

Nilienda kumwomba. Nilifika mpaka kwenye kengele, nikanyoosha kidole, nikageuka. Mche wa kuombwa hauwezi kunipa raha ile ya ngazi. Tena nimelitafakari kosa langu kwa kina wiki nzima, na nimegundua lilikuwa moja tu: picha.

Basi saa nane na dakika tano, Nesi akiwa amelala, nimemaliza kila kitu. Gome limetoka zima. Furushi limekaa vizuri kuliko la kwanza. Na safari hii nimelifunika kwa karatasi mpya, safi, isiyo na sura ya mtu yeyote. Ni ile ya barua za duka. Ina jina langu tu, na namba ya simu.