Pikipiki ya Mteremko

Odero aliiona pikipiki kabla hajamwona kuku aliyekuwa akiatamia ndani yake. Ilikuwa imeegemezwa nyuma ya banda la kuni, kule juu kwenye nyumba za Wazungu, usukani umefunikwa na majani ya maboga, tairi zimelala chali kwa uchovu. Kuku alikuwa ameketi mahali pale ambapo injini ilipaswa kukaa. Alimtazama Odero kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji aliyekuja bila kodi.

"Injini yake ilienda wapi?" Odero akauliza.

Naftaly, mpishi wa nyumba ile, alikuwa kwenye ngazi ya jikoni akichambua maharagwe. Akamweleza kwamba bwana aliing'oa ili imvutie maji kisimani, halafu akasema mabaki yatupwe. Tangu mvua za mwaka jana mabaki yalikuwa yakingoja wa kuyatupa.

"Mimi nitakusaidia kuyatupa," Odero alisema, kwa sauti ya mtu aliyeguswa moyo na mzigo wa mwenzake.

Asije mtu akadhani Odero alikuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu ambacho hukutaka kumpa. Odero, katika maisha yake yote hapo Nakuru, hakuwahi kuchukua kitu ambacho mwenyewe hakumkabidhi kwa mikono miwili, tena akishukuru. Aliwahi kumuuzia karani mmoja miwani isiyo na vioo, akamwambia ni ya kusomea mchana, na karani akaisifu mwezi mzima. Alizaliwa mtaa wa Bondeni, mtoto wa mtu wa reli, na hakuwahi kuchunga hata mbuzi. Kwake shamba lilikuwa kitu cha kutazamwa kutoka dirisha la treni.

Na sasa, mwaka huo wa 1957, balaa lilimkuta mtoto huyo wa mjini: alitakiwa alete ng'ombe.

Aliyesababisha ni Nasimiyu. Nasimiyu alikuwa akiuza chai na mandazi karibu na lango la reli, na ndiye mtu wa pekee Nakuru nzima aliyemsikiliza Odero mpaka mwisho wa maneno yake, kisha akamwambia, "Haya, sasa nieleze ya kweli." Mwanamume akiambiwa hivyo na msichana, ama hukimbia ama huoa. Odero alichagua kuoa. Akaenda kwa baba yake Nasimiyu, Mzee Khisa, mlinzi wa stoo za reli, akiwa na noti zimekunjwa vizuri ndani ya kitambaa.

Mzee Khisa hata hakukifungua kile kitambaa. Akasema shilingi za Odero yeye hajui ukoo wao. Alitaka ng'ombe mmoja wa kufungulia maneno, jike, mwenye mimba, na amwone kwa macho. Ndugu zake kutoka Bungoma wangefika Jumapili. Ng'ombe asipokuwepo uani siku hiyo, wangeanza kuzungumza habari za karani wa posta wa Kitale, ambaye alikuwa na ng'ombe sita na upara mmoja.

Hapo ndipo Odero alipoanza kutembea akiangalia huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo, mpaka akaiona ile pikipiki.

Siku mbili akaishughulikia. Tairi akazijaza upepo. Tangi akalipaka rangi nyekundu iliyobaki baada ya watu wa reli kupaka mabehewa. Mahali pa kuku akaweka debe la biskuti, akalisugua na dawa nyeusi ya viatu mpaka likang'aa, akalichomekea vijiko viwili vya uji na kipande cha bomba. Mtu asiyejua injini angeona injini. Mtu anayejua injini angeona debe la biskuti, lakini Odero hakuwa na shida na watu wa namna hiyo.

Tena alikuwa na rafiki mkubwa, nao ni mji wenyewe. Nakuru imeinama. Kitu chochote chenye magurudumu ukikiachilia kule juu upande wa mlima Menengai, kikikosa mtu wa kukizuia, kitakwenda kunywa maji ziwani.

Alhamisi asubuhi alikuwa kule juu na kofia yake ya upande, akiifuta pikipiki kwa leso, ndipo akatokea mama mmoja akiswaga ng'ombe. Mama mnene, mrefu, shuka begani, vibuyu viwili vya maziwa mgongoni. Ng'ombe alikuwa wa rangi ya kahawia na tumbo lake lilimtangulia kama habari njema.

Moyo wa Odero ukapiga kwata.

Wakasalimiana. Mama akasema anaitwa Cheptanui, ametoka Rongai, kwenye shamba la Mzungu anakoishi na watu wake, na kila siku maziwa yake yanafika mjini yamechoka kuliko yeye. Akaizunguka pikipiki. Akakigusa kiti, akaibonyeza tairi, akainama akalichungulia lile debe kwa muda, akachomoa unyoya mdogo wa kuku, akaupuliza.

"Mbona haingurumi?" akauliza.

"Mama yangu," Odero akasema, "ni kitu gani kinachonguruma hapa duniani? Tumbo la mwenye njaa. Hii imeshiba. Walioitengeneza walikuwa watu wa heshima, wakasema mashine isimwamshe mgonjwa wala mtoto."

"Na mafuta inakunywa mangapi?"

"Sijawahi kuiona ikinywa."

Hilo, ukilipima vizuri, lilikuwa neno la kweli, na Odero mwenyewe alishtuka kidogo kulisikia likitoka kinywani mwake.

Mama Cheptanui akasema hajawahi kupanda kitu chochote isipokuwa punda, na punda naye alilalamika. Odero akamwambia hiyo ndiyo bahati, kwa kuwa aliyewahi kupanda pikipiki mbaya huwa ameshaharibika. Akamketisha. Akamwonyesha usukani, akamwonyesha breki, akasahau kumwambia kwamba breki ilikuwa pambo. Kisha akamsukuma kidogo tu, kama mtu anavyomsukuma mgeni mwenye haya aingie ndani.

Pikipiki ikaenda. Kwanza ikaenda kama bibi harusi. Halafu ikakumbuka kwamba ni pikipiki. Shuka ya mama ikafunguka nyuma kama bendera ya serikali, vibuyu vikagongana, askari wa manispaa aliyekuwa akiongoza njia akapiga saluti kwa kuwa hakupata nafasi ya kufikiri. Muuza viazi akakumbatia magunia yake. Odero alikuwa nyuma anakimbia, mkono mmoja umeshika kofia, mwingine kamba ya ng'ombe, na ng'ombe mwenye mimba hakimbizwi, kwa hiyo alikuwa akikimbia mahali pamoja.

Alipofika chini akamkuta mama ameketi juu ya rundo la nyasi kavu za kulisha farasi, pikipiki kando yake, nzima. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Odero akaanza kutafuta maneno ya pole.

"Tena," mama akasema.

Odero akamweleza kwa upole kwamba mashine nzuri hupumzishwa, kama fahali. Ikishateremka inalala, siku ya pili ndiyo inakuwa tayari. Mama akakubali bila ubishi. Akasema shilingi hana, ana huyu ng'ombe tu. Odero akatazama pembeni kwa huzuni, kama mtu anayelazimishwa kula nyama.

Hapo mama akamuuliza mambo mengi. Anakaa wapi hasa? Nyumba ya ngapi? Kule Bondeni majani yapo? Ni mtu wa kuhamahama, au anakaa mahali pamoja? Anaweza kuamka mapema? Mnyama akiugua, ana moyo wa kukesha? Odero akajibu ndiyo kwa kila kitu, maana ndiyo haina gharama. Alidhani ni adabu za shambani. Mama akamnyunyizia ng'ombe maziwa kidogo mgongoni, akamwombea kwa Kikalenjin, akamtemea Odero mate mepesi ya baraka kifuani. Kisha akamkabidhi ile kamba, kamba ya ngozi iliyosukwa na kutiwa shanga, ikiwa bado shingoni mwa ng'ombe.

"Hata kamba unaniachia?" Odero akauliza.

"Hata kamba," mama akasema. "Si ndiyo vizuri?"

Odero akaona haya kidogo kwa ajili ya mama huyu. Kumnyang'anya mtu ng'ombe ni kazi. Lakini mtu akikuongezea na kamba juu yake, inakuwa kama kumpora mtoto. Aibu hiyo ilidumu mpaka alipofika kona ya kwanza.

Jumapili uani kwa Mzee Khisa kulijaa. Ndugu watatu kutoka Bungoma walikuwa wameketi kwenye viti vya kuazima, na Nasimiyu alikuwa akimimina chai bila kumtazama Odero, jambo ambalo msichana hulifanya akiwa anamtazama sana. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo. Wazee wakamfungua mdomo, wakampapasa tumbo, wakaguna. Waliguna vizuri. Odero akaanza kusimulia jinsi alivyomnunua huko Rongai kwa jasho lake, na alipofika kwenye jasho akaongeza kwamba muuzaji alimpenda hata akamzawadia kamba.

Waliokuwa wakinywa chai wakaacha.

"Hii kamba ilitoka naye?" Mzee Khisa akauliza. "Hukwenda na kamba yako?"

"Ya nini, mzee? Yake ni nzuri zaidi."

Mzee Khisa akaitazama ile kamba, akawatazama ndugu zake. Mmoja wao alishaanza kutikisika mabega.

"Kijana," akasema, "ng'ombe akiuzwa, mwenyewe huvua kamba yake akarudi nayo nyumbani. Mnunuzi huja na yake. Kwetu hivyo, kwa Wakalenjin hivyo, hata kwenu hivyo, kama ungemuuliza babu yako. Ng'ombe anayetoka na kamba ya kwao hajauzwa. Amewekwa kwako umtunze. Hata mtoto wa kuchunga ndama anajua."

Odero akafungua mdomo.

Na kabla hajaufunga, kukasikika vigelegele vya watoto njiani. Ilikuwa ni ile pikipiki nyekundu. Mbele yake maksai wawili waliofungwa nira walikuwa wakiivuta kwa mnyororo, polepole, kama wanaopeleka mfalme kanisani. Pande zote mbili za kiti kulining'inia madebe ya maziwa. Juu yake Mama Cheptanui, mgongo wima, akishika usukani kwa vidole viwili. Lile debe la biskuti lilikuwa limeondolewa, na mahali pake palikaa mkate.

Akashuka, akawaamkia wazee kama inavyotakiwa, akaenda moja kwa moja kwa ng'ombe akamkuna masikio.

"Nimekuja kumwona huyu," akasema. "Bondeni wameniambia yuko hapa. Anakula vizuri?"

"Mama," Odero akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa, "sisi tulibadilishana. Pikipiki kwa ng'ombe."

"Pikipiki gani? Ile ya kuku?"

Ndugu wa Bungoma aliyekuwa akitikisika akaanguka na kiti cha watu.

Mama akaketi, akapewa chai, akaeleza. Bwana wa shamba alikuwa amepunguza idadi ya ng'ombe ambao watu wake wanaruhusiwa kufuga. Ijumaa ilikuwa siku ya kuhesabu, na anayezidi huuzwa kwa bei ya kutupa. Huyu wa kahawia ndiye aliyezidi. Basi Alhamisi akaingia naye mjini kutafuta mtu wa kumtunzia, mtu anayekaa mahali panapojulikana, na angefurahi hata kumlipa kitu. "Nikamkuta huyu kijana," akasema. "Kila nililomuuliza, ndiyo. Halafu akanilipa yeye. Magurudumu mazuri namna hii, nami nilikuwa nikibeba maziwa kwa mgongo."

Wazee walicheka mpaka chai ikapoa. Walipomaliza, Mzee Khisa akajifuta macho akatoa hukumu, na hukumu yake ilikuwa fupi. Ng'ombe ni wa mama. Maziwa, kwa desturi, ni ya anayemtunza. Mama akaongeza kwamba yeye si mchoyo: ndama wa kwanza na wa pili ni wake mwenyewe, wa tatu atakuwa wa Odero, akiwa hajachoka.

"Basi siku ya huyo ndama wa tatu," Mzee Khisa akasema, "uje tuzungumze. Karani wa posta tutamwambia tuna mambo mengi."

Odero akapiga hesabu ya mimba tatu za ng'ombe, akajikuta anazeeka hapo hapo uani. Akamgeukia Nasimiyu, ambaye siku zote humsikiliza mpaka mwisho. Lakini Nasimiyu alikuwa amesimama karibu na pikipiki, anapima uzito wa debe kwa mkono. Alikuwa akimuuliza Mama Cheptanui Rongai lita inauzwaje, na kwa nini hawapeleki kwenye hoteli za stesheni, maana wenye hoteli wote anawajua na wote anawadai pesa za mandazi. Mama akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kama alivyokuwa amemtazama Odero Alhamisi, ila hakumuuliza swali hata moja. Akausogeza mkate, akapigapiga kiti cha nyuma.

"Baba, nitarudi Jumatano na maziwa," Nasimiyu akasema, akapanda.

"Na mimi je?" Odero akauliza.

Nasimiyu akafikiri. "Wewe una ng'ombe," akamwambia. "Kwa mara ya kwanza umesema jambo nikaliona kwa macho yangu. Usiliache likafa."

Maksai wakavuta. Nira ikalia, madebe yakagongana, na wale wanawake wawili wakapanda barabara ya kwenda juu wakicheka jambo ambalo hapa chini hakuna aliyelisikia. Odero akasimama akiwatazama mpaka nyekundu yote ikaisha machoni.

Nyuma yake ng'ombe akalia. Mimba ilikuwa haijamkausha maziwa, na kiwele kilikuwa kimejaa, kwa sababu tangu Alhamisi alikuwa akikamuliwa na jirani, kwa ahadi. Leo jirani alikuwa amekwenda kanisani. Mzee Khisa akatoka ndani na ndoo, akaiweka chini miguuni pa Odero, akavuta kiti, akaketi atazame.