Malalamiko Kuhusu Nyasi Zangu Zilizofagiwa

Kambi Muru, Kibera.
Tarehe 9 Septemba 2024, mwaka wa arubaini na tatu tangu niondoke Kitui.

Kwa mdogo wangu Kavoi, msimamizi wa boma letu,

Nakuandikia rasmi kwa sababu mambo haya tukiyazungumza kwa simu wewe hucheka mpaka laini inakatika.

Unajua kwamba kwa miaka thelathini na mmoja nilitoka Kawangware, nilikokaa kabla ya hapa, kila asubuhi, kwa miguu, kwenda kutunza nyasi za matajiri. Nilizikata, nikazinywesha, nikazichana kama nywele za bibi harusi. Kuzikalia sikuruhusiwa. Niliapa kwamba nikizeeka nitarudi nyumbani, niweke kiti juu ya nyasi zangu mwenyewe, na nisifanye lolote. Ndiyo maana mwezi wa Aprili nilimpa binti yako Everlyne gunia la nyasi zenye mizizi, pamoja na kurasa nne za maelekezo, akazipande mbele ya nyumba yangu hapo bomani. Nilisema, na narudia: zikishika, narudi. Sasa nasikia haya.

1. Mkeo Mutheu, shemeji yangu, amezifagia. Aliamka, akaona majani uani, akachukua ufagio wa vijiti, na yale yaliyokataa ufagio akayang'oa kwa jembe. Nilipompigia alinijibu kwa upole kabisa: "Shemeji, nyasi zikiota mbele ya mlango, wapita njia watajua mwenye nyumba amekufa. Nilikuwa nakulindia jina." Naelewa kwamba kwetu uga safi ni uga mtupu, na kwamba alifanya kwa heshima. Lakini mimi si marehemu. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, na mwandiko unaujua.

2. Mbuzi. Nilituma kibao nilichokiandika kwa rangi nyeupe, USIKANYAGE NYASI. Nasikia mmekifanya mlango wa banda la kuku. Mbuzi hawakuonywa na mtu yeyote, na lile beberu lako limekula sehemu niliyoikusudia kiti. Naomba liitwe kikaoni lijieleze. Likinyamaza, hilo nalo liandikwe.

3. Maji. Najua mto wenu ni mchanga mtupu, na kwamba mnachimba shimo na kusubiri maji yajikusanye kata kwa kata. Najua pia kwamba punda hurudi na madebe manne. Ninachouliza ni kwa nini yote manne yanywewe na watu. Mtu akikosa maji husema. Nyasi hazina mdomo. Napendekeza kila mtu bomani aoge akiwa amesimama juu ya nyasi, kwa zamu, kuanzia wakubwa. Wageni wanawie mikono hapo. Na ikitokea msiba, Mungu apishe mbali, waombolezaji wakae upande huo ili machozi yasipotee bure.

4. Nimeambiwa kanisa lenu lilifanya maombi ya mvua siku tatu na kutaja mahindi, kunde, mbaazi na hata pojo. Nyasi zangu hazikutajwa. Mchungaji anikumbuke kwa jina, aseme na zilipo, Mungu asije akampelekea jirani mvua yangu.

5. Nimewaza sana juu ya chanzo cha matatizo haya yote, nikaona ni moja: bomani kuna watu. Watu ndio wanaofagia, ndio wanaofuga mbuzi, ndio wanaokunywa maji. Kwa hiyo naomba wewe, Mutheu, watoto na wajukuu mhamie huku Kambi Muru. Chumba changu ni futi kumi kwa kumi, lakini tukipanga vitanda kwa akili tutatosha. Nyasi zitabaki zenyewe, zipumue. Zikishika, mimi nitakwenda kuzikalia, na ninyi mtanisubiri hapa.

Usidhani sijachekwa vya kutosha. Jirani yangu Oketch, fundi viatu, huwatangazia wateja: "Wazee wengine wanajenga nyumba ushago, kijijini kwao, huyu wetu anajenga nyasi! Musau, ukifika huko utakula nini, ama utakula nyasi pamoja na mbuzi?" Nimemjibu kwamba mtu aliyekata nyasi za wengine miaka thelathini na mmoja hawezi kuelezwa habari za nyasi na mtu wa kandambili.

Nasubiri majibu yako kwa maandishi, hoja kwa hoja. Nisalimie Mutheu, watoto wote kwa umri wao, mchungaji, punda, na hata lile beberu, ila lisichukulie salamu kuwa msamaha.

Mimi kaka yako,
Musau.

Baada ya sahihi, tarehe 24 Novemba: Barua hii ilibaki kwangu ikimngoja Everlyne aje aichukue. Amekuja leo, na kabla sijampa amenionyesha picha. Anasema baada ya ile simu Mutheu alijuta. Alikusanya vijisehemu vilivyobaki, akavizungushia miba, akavimwagilia kila jioni maji aliyoyabeba mwenyewe kutoka shimo la mtoni, na mguu wake ule mbovu, mpaka mvua ikanyesha. Nyasi zimeshika, Kavoi. Zimejaa mpaka ukutani, na mmeshaniwekea kiti. Nimetafuta kasoro kwenye picha hiyo tangu mchana, mimi niliyezijua kasoro zote za nyasi, na sijaiona hata moja. Basi futa hoja zote tano. Mwambie Mutheu kwamba sijawahi kutunza nyasi nzuri kama zake, na kwamba kosa si lake. Huko waliokuwa wakinijua ujanani mmebaki ninyi wawili. Hapa nikikohoa, Aluoch wa chumba cha pili hugonga ukuta na kuuliza, "Mzee, uko sawa?" Nilipaswa kukuambia hili miaka mingi iliyopita, badala ya kukutumia gunia. Kikalie wewe hicho kiti. Mimi sitarudi.