Mke Mwenza Anayekunywa Petroli

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Shikamoo. Najua barua za ofisi hazina shikamoo, lakini wewe ni mkubwa wangu kwa umri na kwa cheo, na haya nitakayoyasema huko chini hayana adabu hata chembe. Kwa hiyo nimeona niitangulize adabu yote hapa juu, asije mtu akasema sikulelewa.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA INJINI YA CHUO KUINGILIA NDOA YANGU

Husika na kichwa hicho hapo juu, na uhusike haraka, maana mimi nimeshahusika mpaka nimechoka.

Mimi ni mke wa mkata nyasi wako. Tunakaa nyumba ya mwisho nyuma ya stoo, ile yenye mlango ulioandikwa HATARI. Sikuandika mimi, tuliukuta hivyo. Chuo chako kina nyasi nyingi na mashine moja ya kuzikatia, ile ya kusukuma kwa mikono, na injini ya mashine hiyo imezeeka. Ikipata baridi haiwaki. Ikiwaka inatoa moshi wa buluu na kunywa oili kama imetumwa. Fundi aliifungua akasema ringi za pistoni zimekwisha, ama zibadilishwe ringi, ama inunuliwe injini nyingine. Mume wangu akaja ofisini kwako kuomba, akajibiwa fungu halijatoka. Akarudi tena, fungu lilikuwa bado halijatoka, ila mapazia mapya ya ofisi yako yalikuwa yameshatoka na kutundikwa. Mazuri sana, hongera.

Hatimaye kwenye kikao cha wafanyakazi ukasimama ukasema mashine itengenezwe kwa rasilimali za ndani. Watu wakapiga makofi, na mume wangu akawashinda wote. Laiti ningejua kwamba hiyo ndani ni ndani kwangu! Malalamiko yangu ni haya:

1. Malazi. Kwa kuwa injini haitaki baridi, mume wangu huifungua kila jioni na kuileta nyumbani. Mwanzo ililala mlangoni, nikanyamaza. Ikahamia sebuleni, nikasema funika kombe mwanaharamu apite. Sasa iko chumbani, upande wangu wa kitanda, chini ya blanketi langu, na mimi nimebanwa ukutani navuta harufu ya petroli. Nikiuliza, naambiwa inakohoa. Mkuu, mimi nilikohoa msimu mzima wa mvua na niliambiwa ninywe maji ya moto.

2. Jina. Injini anaiita Bibie. Mimi ananiita "wewe".

3. Spea. Kichujio changu cha chai sasa kinachuja petroli, na chai tunakunywa na majani yake. Sponji ya mto wa kochi imekatwa ikawa chujio la hewa, ndiyo maana wageni wetu wakiketi wanagonga mbao na kuaga mapema. Kamba ya kuanikia nguo ndiyo kamba ya kuwashia. Haya yote ningeyasamehe. Lakini springi ya kurudisha mwendo wa injini ilipokatika, mume wangu alifungua kabati, akachomoa mpira wa kiunoni kwenye sketi yangu ya kutokea, akairudisha sketi mahali pake ikiwa imekunjwa vizuri, na hakusema neno. Mimi nikaivaa kwenye mahafali. Uliposimama kuhutubia nikasimama kushangilia, na yaliyotokea uliyaona mwenyewe kwa sababu nilikuwa safu ya pili. Nashukuru kwamba ulitazama dari. Bwana Mhasibu hakutazama dari.

4. Bwana Stoo. Huyu naye alikuja na akili yake ya kubana matumizi. Akasema kuna injini ya pampu ya maji imekaa bure, ifungwe kwenye mashine ya nyasi, injini si injini tu? Sasa, injini ya nyasi shafti yake, ule mhimili unaozungusha kisu, inatazama chini, na kisu kinazunguka kimelala. Ya pampu inatazama pembeni. Mume wangu aliliona hilo, lakini kwa hamu ya kumpumzisha Bibie wake akasema huenda itakubali. Wakaifunga. Kisu kikasimama wima, na walipoivuta kamba mashine ikaanza kuchimba. Ilichimba kutoka mlingoti wa bendera hadi jikoni, wanaume wawili wanaikimbiza huku mpishi kapanda juu ya meza. Wiki ile ile mume wangu akapata barua ya pongezi kutoka ofisini kwako kwa kuchimba mtaro wa maji ya mvua. Barua hiyo ameitundika ukutani. Picha yetu ya harusi imehamia nyuma ya mlango.

5. Mama mkwe. Hili linaniuma kweli, na hapa sitanii. Mama mkwe alikuja kututembelea bila taarifa. Mimi na mume wangu hatujajaliwa mtoto, na mama yule ana hamu ya mjukuu kuliko ya chakula. Akaingia chumbani kuweka mkoba, akaona kitandani kitu kimefunikwa blanketi, kidogo, kimetulia. Mkuu, yule mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Akapiga magoti, akafunua taratibu, akakutana na plagi. Tangu siku hiyo hajaniambia neno baya, na hilo ndilo linalonitesa. Ananitazama tu.

6. Elimu nisiyoiomba. Mwanamke mwenzangu anajua habari za mitindo ya nywele, mimi najua kabureta. Juzi nimeshtuka usingizini nikamwamsha mume wangu kumwambia kwamba plagi imelowa. Akanishukuru, akaamka akaifuta, akalala. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya chumbani siku hizi.

Ndugu Mkuu, ukikusanya yote sita utakubaliana nami kwamba hapa hakuna suala la mashine, kuna ndoa ya mitala, na aliyeifungisha ni wewe kwenye kikao, mbele ya mashahidi waliopiga makofi. Sikatai. Lakini kama ni mke, basi awe mke kwelikweli. Ashike zamu ya kupika na kufua. Akifiwa shangazi wa mume, tukeshe naye matangani. Tuitwe mbele ya kamati ya ustawi wa wafanyakazi, mimi na yeye, tupatanishwe, na yeye aanze kuomba radhi kwa kuwa ndiye mdogo. Na kwa sababu ni mali ya chuo, basi usiku anaolala na mume wangu chuo kinipe mtu wa kulala naye sebuleni, awe wa cheo kinacholingana. Mhasibu simtaki.

Kama hayo hayawezekani, nunua injini mpya. La kuvunda halina ubani. Mwaka mzima tumemfukizia ubani huyu mzee wa chuma, na kinachovunda sasa ni nyumba yangu. Nimeshafungasha nguo zangu. Mimi nampenda mume wangu, ndiyo maana nina hasira hivi. Ningekuwa simpendi ningewaachia wapendane. Nirudishie mtu wangu, Mkuu. Usipomrudisha narudi kwetu, na nikirudi kwetu sirudi tena.

Msalimie mama wa nyumbani kwako na watoto wote, hata yule anayekanyaga nyasi zilizokatwa juzi. Wasalimie wapishi, mlinzi wa geti, na katibu muhtasi. Bwana Mhasibu msalimie akiwa ametazama dari. Bwana Stoo msalimie kwa mbali.

Ni mimi, niliyebakiwa na utii kidogo,

Mke Mkubwa wa Mkata Nyasi

Nakala: Mama mkwe (atasomewa)

N.B. Barua hii niliileta jana ikagongwa muhuri. Nikiwa natoka, mlinzi wa geti akanipongeza kwamba fungu limetoka. Kumbe mnaleta mashine ya kukalia, ya usukani, inayokuja na dereva wake, na kazi ya mume wangu inafutwa pamoja na nyumba. Nimerudi leo kuidai barua yangu. Katibu muhtasi kakataa katakata, kasema ikishagongwa muhuri ni mali ya chuo, ila nyongeza ruksa. Basi naongeza, nimesimama, kwa kalamu yake.

Namba 1 hadi 6 zifutwe. Injini ni nzima. Jana fundi alileta ringi zilizotumika ambazo zina uhai bado, tukazifunga sote watatu. Mimi ndiye niliyezibana kwa vidole zikaingia kwenye silinda, kwa sababu vidole vya wanaume ni vinene. Leo asubuhi, kabla hujafika, nimeivuta kamba mwenyewe ikawaka, na nyasi zote za mbele ya ofisi yako nimezikata mimi. Chungulia dirishani, sogeza pazia. Dereva wa nini?

Utaona mstari mmoja umepinda karibu na mlingoti wa bendera. Kwa huo usiilaumu injini. Hapo ndipo mume wangu alipokuja nyuma yangu akashika mpini juu ya mikono yangu, tukasukuma pamoja, na hakuna kati yetu aliyekuwa anatazama nyasi.