Kitufe cha Upole

Jumatatu, 1 Septemba 2008

Naandika kwa kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia bei kwenye magunia. Herufi ndefu kama kidole. Maneno kumi, ukurasa umekwisha. Presha ya macho imenibakizia mwanga wa dirisha na vivuli vya watu. Sawa. Ulimi bado ninao.

Leo imekuja barua ya chama cha wakaazi wa njia yetu, hapa Uthiru. Mke wangu, Mama Shiko, amenisomea. Mkutano ni Jumamosi. Ajenda ya kwanza: katibu asome kumbukumbu za Juni kwa mdomo wake mwenyewe, bila kusomewa wala kunong'onezewa na mtu. Akishindwa, achaguliwe mwingine.

Katibu ni mimi! Mwaka wa tisa! Walinitoa kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu macho yalipoanza kufifia, mimi niliyesahihisha vitabu vya watu miaka ishirini na miwili. Ukatibu ndio kazi pekee niliyobaki nayo. Na najua aliyeiandika ajenda hiyo. Kibe! Landilodi wa ghorofa nne, aliyesukuma ukuta wake mita nzima ndani ya njia yetu, hadi gari la wagonjwa haliwezi kupita. Anajua nilimchoma mwezi Juni. Kurasa tatu za moto. Nilizitamka, Mama Shiko akazichapa kwenye kompyuta yetu ya mtumba. Alikuwa mpiga chapa serikalini kabla ya kustaafu. Anachapa nisemalo, haongezi hata nukta. Ningempata wapi mwingine?

Tangu anichapie, magazeti yametoa barua zangu tisa. Miaka ishirini na mitano ya kuandika kwa mkono wangu, walitoa mbili. Ni wazi wahariri wameanza kuniogopa.

Nimeisoma ajenda upya kichwani. "Bila kusomewa na mtu." Mtu! Kibe hakutaja mashine. Mlango ameuacha wazi mwenyewe.

Jumanne, 2 Septemba

Town na Mama Shiko. Tumekwenda kwa Nanjala, opereta wa simu katika ofisi moja ya bima. Haoni tangu utotoni, na anatumia kompyuta vizuri kuliko makarani wote wa ghorofa yake. Inamsomea kila kilichoandikwa.

Sikuwa nimejitayarisha kwa makaribisho. Miaka minne iliyopita niliandika mahali kwamba kompyuta inayosoma kwa sauti ni akili ya kukodi. Nilifikiri hakuna aliyeona. Yeye hakuona. Alisomewa na kompyuta.

"Karibu, Mzee wa akili ya kukodi," akasema mbele ya ofisi nzima. "Umekuja kulipa kodi?"

Makarani wakacheka. Mama Shiko pia.

Kisha akanipa diski. Bure! Nikauliza kama ni ya wizi. Akasema hapana, ni Linux, mfumo wa kompyuta ambao mtu yeyote anaruhusiwa kunakili, kufungua na kurekebisha. Ndani yake kuna programu ya kusoma skrini, inaitwa Orca. Imeandikwa na watu wa nchi mbalimbali, wengi hawalipwi, na baadhi yao hawaoni kama yeye. Wanaifanya, wanaigawa, basi.

Mimi nimegombana na kila aina ya tajiri maishani. Hawa hawauzi kitu. Nilibaki nimeshika diski kama mtoto aliyepewa mandazi na mtu asiyemjua.

Maagizo yake: iwashe na diski ndani, bonyeza F5, shuka hadi kwenye kisoma skrini, kisha ingiza kwa kitufe cha Enter. Itaanza kuongea. Ukisikia sauti, isakinishe kando ya mfumo wa zamani, usifute kitu.

Jumatano, 3 Septemba

Sitaki macho ya kuazima. Nimemwambia Mama Shiko akae jikoni.

F5. Nikashuka. Nikaingiza. Diski ikavuma. Nikasubiri. Kimya. Nikawasha upya. Kimya. Mara tisa. Kuanzia saa tatu hadi alasiri! Nilihutubia mashine kuhusu uvivu, usaliti na historia ya ukoloni. Haikujibu.

Kumbe ndivyo vitu vya bure vilivyo, nilisema kwa sauti. Mama Shiko akasema kutoka jikoni kwamba na chai yake ni ya bure, je, ni mbaya? Nikanywa vikombe viwili.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimempigia Nanjala na hotuba niliyoitayarisha. Hakuisubiri iishe.

"Mzee, hizo earphone umeziingiza wapi?"

Nikasema kwenye tundu, zingine huingizwa wapi? Akasema matundu nyuma ya mashine ni matatu, moja la maikrofoni. "Sasa umekuwa ukiisikiliza, na yenyewe inakusikiliza wewe. Hamwezi kuelewana. Sogeza hadi tundu la pili."

Nikapapasa. Nikachomoa. Nikasogeza. Nikawasha tena.

Sauti! Ya bati, ya puani, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya debe. Ikanikaribisha kwa Kiingereza. Nikabonyeza kitufe, ikataja kitufe. Nikabonyeza kingine, ikakitaja. Tangu Juni hakuna kitu nyumbani humu kilichoniambia jina lake bila mimi kuuliza. Nililia. Naandika hivyo kwa wino mzito na sioni haya.

Nikaiweka kando ya mfumo wa zamani, kama nilivyoagizwa, nikijibu maswali yake moja moja. Kiswahili ilikuwa inakisoma kama mtalii. Nanjala akanielekeza penye orodha ya sauti, nikachagua ya Kiswahili. Lafudhi ya mtu aliyejifunza lugha gizani, lakini inaeleweka. Mungu awabariki watu hao popote walipo, na wasiosali kanisani pia.

Jioni nikafungua kumbukumbu za Juni. Nikakaa vizuri nisikie moto wangu. Mimi nilikuwa nimetamka: "Kibe, fisi mwenye risiti za saruji, ameitafuna njia ya umma mchana kweupe."

Mashine ikasoma: "Jirani yetu Bwana Kibe aliombwa, kwa heshima, apime upya ukuta wake, kwani huenda fundi alikosea kamba."

Nikarudia mstari. Vilevile. Kurasa tatu nzima, hakuna fisi!

Nikafungua barua yangu ya tisa, ile ya gazetini. Nilidai wanaojenga barabarani wachapwe viboko mbele ya watoto wao. Na ndivyo ilivyotoka, maana Mama Shiko alinisomea gazeti lenyewe, viboko na yote, hadi mbwa akabweka. Mashine je? "Ni vema sote tunaojenga tukumbuke gari la wagonjwa."

Nimeelewa. Mashine hii inalainisha maneno! Imetengenezwa na watu wasiolipwa na wasio na ugomvi na mtu. Imewarithi.

Nilimweleza Mama Shiko. Alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama. Akasema yeye hajui mambo ya mashine, lakini pengine huko zinakotengenezwa hakuna fisi. Kisu kikaendelea.

Ijumaa, 5 Septemba

Siku nzima nimetafuta mahali upole unapozimwa. Nimepata pa kuongeza kasi. Nimepata pa kunenepesha sauti. Nimepata pa kuifanya isome kila mkato na kila nukta. Upole sijaupata.

Nikampigia Nanjala. Nikamwambia kwa adabu, maana namshukuru, kwamba programu yake ina kasoro. Nikasoma mfano wa fisi.

Akataka nimsomee tena. Kisha akauliza nani huchapa. Nikasema Mama Shiko, na haongezi nukta. Akauliza nani hunisomea magazeti. Nikasema Mama Shiko, kwa sauti nzuri sana.

Sijawahi kusikia mtu mzima akicheka hivyo kazini. Alikohoa. Alimwomba mtu maji. Simu za kampuni zilikuwa zinalia pembeni yake, akaziacha zilie.

"Mzee Zachariah," akasema mwishowe, "hicho kitufe cha upole, tafadhali, usikiguse kabla ya Jumamosi. Na umsalimie Mama sana. Sana!"

Salamu nimezifikisha. Mama Shiko aliangusha kifuniko cha sufuria.

Basi nimepanga hivi: mashine itanipa mifupa, nyama nitaitia mwenyewe. Ikisema "Bwana Kibe," nitaongeza "fisi." Hotuba yote naijua kwa moyo.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku kubwa! Herufi zimekuwa ndefu kama mkono.

Tulibeba mashine kwa wilbaro hadi darasa la nasari, mahali pa mkutano. Sanduku na kibodi peke yake. Skrini niliiacha nyumbani. Nibebe kioo nisichokiona kwa ajili ya nini? Watu wakasogea kutazama. Mwenyekiti wetu, Odero, akauliza kama kitu hicho kimekamilika.

Kibe hakungoja. "Mwenyekiti, hii kitu haina uso! Huyu jamaa ameleta sanduku tupu aongee nalo. Hii ni mkutano ama ni uganga?"

Nikasema ajenda inakataza mtu, haikatazi sanduku. Odero akaisoma ajenda mara mbili, akasema ni kweli. Raha niliyopata hapo ingetosha kunizika.

Earphone sikioni. Kidole kwenye mshale wa kushuka. Mstari mmoja unaingia sikioni, mstari huohuo unatoka mdomoni. Nilisoma! Darasa likatulia. Kosa moja tu. Kila penye mstari usio na maandishi, mashine hutaja kwa Kiingereza kwamba hapana kitu, kwa lafudhi yake ya debe: "Blanki." Na mimi, kwa kasi, nikatangaza, "Blanki!" Mara ya kwanza wakashangaa. Mara ya pili mama mmoja nyuma akaitikia, "Blanki." Mara ya tatu darasa lote, kwa pamoja, kama Amina. Sikuwazuia. Sijawahi kuitikiwa maishani.

Tukafika kwenye ukuta. Mama Shiko alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono begani. Nikasema, "Jirani yetu Bwana Kibe," nikavuta pumzi nimlete fisi. Mkono ukanifinya. Kunitia moyo! Baada ya miaka thelathini ya ndoa! Machozi yakanilenga, na fisi akanitoka kichwani. Nikaendelea kwa heshima na kamba ya fundi. Penye "ameitafuna" nikavuta pumzi tena. Akanifinya tena, zaidi. Bega lina alama. Mapenzi gani haya?

Nikamaliza. Blanki. Wakaitikia.

Kibe akasimama. Nikajiandaa. Sauti yake ilikuwa ya chini. Akasema alikuja akijua atatukanwa, na majibu alikuwa nayo mfukoni yameandikwa. Lakini mtu akikuambia mbele ya watu kwamba labda ni fundi alikosea, utamjibu nini? Ni kweli kamba ilivutwa vibaya. Ukuta atauvunja mwezi huu, aujenge ndani ya mpaka wake.

Wakapiga makofi. Odero akauliza kama kuna anayetaka katibu mwingine. Blanki, akasema mtu, na kikao kikacheka. Mimi ni katibu!

Nashukuru kila mtu. Nanjala. Wale wa ng'ambo na diski yao. Hata mbao za wilbaro. Na namhurumia Kibe. Alisikia sauti ya moto chini ya maneno laini, akatetemeka. Watu wa aina yake hunusa ukali hata ukiufunika.

Jumatatu, 8 Septemba

Ushindi juu ya ushindi! Leo nimechapa barua kwa vidole vyangu mwenyewe, bila kumsumbua Mama Shiko. Kurasa nne kwa mhariri. Mwanzo nimemshukuru mke wangu, sentensi moja. Zilizobaki ni za Kibe: fisi, viboko, saruji, babu yake.

Nikaiambia mashine isome. Ikasoma yote! Fisi yumo! Viboko vimo! Hakuna heshima hata chembe!

Maana yake upole umezimika. Nilikuwa nimebonyeza vitufe vingi Ijumaa, kimojawapo ndicho. Nimeirekebisha mashine ya kimataifa, mimi, kwa kupapasa! Nimempigia Nanjala kumpa habari. Akasema, "Uii, Mzee," akauliza kama barua imeshatoka nyumbani.

Nikamwambia inatoka sasa. Nyumbani hatuna mtandao, kwa hiyo Mama Shiko ameibeba kwa flashi kwenda saiba ya Kangemi. Alijitolea mwenyewe kabla sijamaliza kuuliza. Alikaa huko saa mbili unusu. Mtandao ulikuwa wa polepole, maskini. Amerudi vidole vinamuuma.

Ijumaa, 12 Septemba

Imetoka! Barua ya kumi! Mama Shiko amenisomea gazetini barua yangu nzima, neno kwa neno, kwa sauti ya radi. Alipofika kwa babu yake Kibe alisimama kiti kikalia.

Na sikiliza hili. Saa kumi Kibe alibisha mlangoni. Kivuli kipana, mkungu wa ndizi begani. Nikashika fimbo. Akaweka ndizi mezani, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema tangu azaliwe hajaandikwa vizuri hivyo gazetini. Amekata ukurasa, ataufunga kwenye fremu. Mafundi wanaanza kubomoa Jumatatu, mita na nusu, si moja tena.

Vizuri! Amechanganyikiwa kwa woga hadi anashukuru! Nilimjibu kifupi, nisiharibu kazi ya kalamu yangu.

Alipoondoka nikamwambia Mama Shiko: umeona? Miaka yote watu wananishauri nipunguze makali. Makali yameleta ndizi, yamerudisha njia, gari la wagonjwa litapita. Sasa nitayaongeza. Mchungaji wetu anahubiri saa mbili bila kituo, nina kurasa sita juu yake tayari kichwani, na sitambakizia kola.

Mama Shiko hakubisha hata kidogo. Akamenya ndizi, akanipa nusu. Akaniomba nimpe flashi mapema tu, kabla saiba haijajaa watu.

Kila kitu nilichofanikiwa mwaka huu nimekipata kwa ukali wangu na kwa mke asiyeongeza nukta. Namshukuru Mungu kwa vyote viwili.