Damu ya Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Aibu! Bosi kanikuta nakoroma juu ya sofa ninayoivalisha kitambaa. Mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Anataka cheti cha daktari, la sivyo usimamizi wa karakana anampa shemeji yangu Kifua, fundi wa kupaka vanishi. Yule! Anayebeba kabati peke yake ili watu wamwone!

Jumanne, 4 Juni
Daktari kaniuliza kuhusu uchovu, hasira, hamu ya chumbani. Nikajibu kila kitu shwari. Mke wangu akakohoa. Basi nimeandikiwa kipimo cha homoni ya kiume, damu itolewe asubuhi, kabla ya saa nne. Ikionekana imepungua, nimekwisha. Lakini kichwa ninacho! Nani kasema damu lazima iwe yangu?

Jumatano, 5 Juni
Mambo safi! Nimemwambia Kifua hospitali inatafuta mwanaume wa mfano. Akavimba mpaka kifungo kikaruka. Nikampa fomu yangu. Hakuisoma, maana miwani havai mbele za watu, na maabara wanaita kwa namba tu. Katoa damu, akataka kutoa na ya mkono wa pili.

Ijumaa, 7 Juni
Homoni iko chini. Chini! Daktari kasema kipimo kimoja hakitoshi, nirudie wiki ijayo. Mke wangu kanishika mkono, eti ananipenda hivyo hivyo. Kisha akampigia kaka yake simu anipe moyo. Kaka yake! Kifua!

Jumamosi, 8 Juni
Kanipa moyo mbele ya karakana nzima, kwa sauti. Mafundi wamecheka hadi misumari ikawadondoka midomoni. Uvumilivu ukanishinda, nikapayuka kwamba damu ile ni yake. Brashi ikamtoka mkononi. Baadaye, nyuma ya mbao, akaninong'oneza kwamba tangu mwaka jana hana nguvu, kabati moja linamlaza siku mbili, na ameogopa kumwambia mtu. Nikamhurumia. Kidogo.

Ijumaa, 14 Juni
Juzi tulitoa damu wote wawili, kila mtu yake. Leo majibu. Kifua chini tena, ataanza matibabu, na uso umemng'aa kwa kujua kinachomsumbua. Mimi niko sawa! Nimemkumbatia nesi! Ila daktari anashuku kitambi, na cheti hanipi mpaka Jumatatu nipimwe sukari.

Sukari! Na chai yangu ile ya vijiko sita!

Nje ya karakana kuna muuza magazeti, mwembamba, hata soda hanywi. Nimeshamwambia hospitali inatafuta mwanaume wa mfano.