Marehemu Alikuwa Amelala

Bwana wee, juzi pale kijiweni kwetu Makambako chai haikunyweka. Muuza chai mwenyewe, Mama Oktavia, kaweka birika chini, katoa simu, katusomea meseji ya wakala wa meli: "Madai yako ya fidia yamekataliwa. Marehemu hakufia kazini. Alikuwa amelala."

Marehemu ni mumewe, Frederick wa Ipelele. Jamaa kavikimbia viazi vya kwao, kaenda kuwa mpishi wa meli ya mizigo, kumbe ni kumenya viazi vilevile! Moyo ukamsimama kitandani, meli iko katikati ya bahari.

"Sasa walitaka afe amesimama?" Breki wa bodaboda karuka. "Ameshika mwiko?"

Fundi viatu, tunamwita Wakili Soli, kavua miwani. "Tulia, dogo. Sheria inauliza, alikuwa kazini au kwake?"

"Kwake wapi? Angetokaje mle, angeniita na boda?"

"Labda alikuwa mapumziko."

"Mapumziko gani, Soli? Kitanda cha bosi, shuka la bosi, hadi choo cha bosi!"

"Choo hakimo kwenye sheria."

"Kiweke!"

Mama Oktavia kapiga benchi, pwaa! "Mnachekacheka hapa, mimi nimepewa siku saba nijibu. Oktavia anatakiwa shule, na tegemeo ndo hiyo fidia. Nani ana ushahidi kwamba mtu anaweza kulala na bado yupo kazini?"

Soli kashika sindano yake ya viatu. Hata Breki kaangalia matairi yake.

Mara Mzee Kamanda, jina lake halisi Yohanes, zamani mlinzi wa ghala la mbao, kakohoa. "Mimi ninao."

"Wa mdomo huo, mzee wangu," Soli kamkata.

"Wa maandishi."

Kazamisha mkono ndani ya koti, katoa karatasi imekunjwa mpaka imekuwa kama kiberiti. Soli kaikunjua, kasoma kwa sauti: "Ndugu Yohanes, umeachishwa kazi kwa kosa la kulala kazini."

"KAZINI!" Breki karuka tena. "Bosi mwenyewe kaandika!"

"Na mhuri upo," Soli kasema, macho yamemtoka.

Mama Oktavia kaipokonya hiyo barua, huyoo, mbio steshenari kutoa kopi, birika katuachia tujimiminie.

Mzee Kamanda kabaki na mkono hewani, anatuangalia mmoja mmoja.

"Sasa jamani… kama kulala ni kazi, mimi si nilifukuzwa kwa kuchapa kazi?"