Nyayo za Kijani za Hoteli ya Mama Sein

Leo mchana, mbele ya meza saba za nyama choma hapa Kitengela, nimetajwa kuwa mtu pekee aliyekula bila kunawa. Mimi. Mwalimu wa chuo kikuu ambaye kazi yangu ni kuchunguza kwa nini watu hawanawi mikono. Ushahidi nilikuwa nao mkononi: ubavu wa mbuzi.

Nirudi nyuma kidogo.

Mwezi uliopita nilichora nyayo za kijani kwenye sakafu ya hoteli ya Mama Sein, kutoka mlango wa choo hadi kwenye mfereji wa kunawia. Wazo langu lilikuwa kwamba miguu ikifuata nyayo, mikono nayo itafika kwenye sabuni. (Nimelieleza hilo kwa kurasa kumi na mbili.) Kesho napeleka matokeo kwa jopo litakaloamua kama nitapandishwa cheo.

Shida ni kwamba matokeo ni mazuri mno. Kila nikiketi pale na daftari, kila mtu ananawa. Hata dereva wa lori la mchanga aliyeacha injini ikinguruma. Binadamu nawajua. Nikashuku Mama Sein anawatonya.

Kwa hivyo leo nilienda bila daftari. Mlangoni watoto wake wanne waliniinamishia vichwa kwa salamu ya Kimaasai, nikavigusa kimoja kimoja. Nikawapa mkono wazee wawili waliotoka kuuza mbuzi. Mama Sein akaja na birika la maji ya moto na beseni. Nikamwashiria angoje, kwa sababu mtu alikuwa anatoka chooni.

Akanawa. Kwa sabuni. Huku ananitazama.

Nyama ikaja, nikala huku nikihesabu. Wa pili alinawa. Wa tatu alinawa, akaniona, akarudi kunawa tena.

Nikamwita Saitoti, mchomaji. "Niambie ukweli. Mama huwaambia watu wanawe nikiwa hapa?"

"Awaambie ya nini? Wanakujua, daktari. Si wewe ndiye wa kaunti, wa kufunga hoteli?"

"Mimi si wa kaunti. Na zile nyayo?"

"Za kijani? Si fundi wa maji aliweka alama mahali bomba limepita? Sisi tunaziruka, tusiharibu rangi."

(Kurasa kumi na mbili.)

"Kwa hivyo mnanawa kwa sababu yangu?"

"Ndio. Lakini wewe," akaelekeza kisu kwenye ubavu wangu, "umeshika vichwa, umeshika wazee wa mbuzi, halafu umerudisha birika. Tumekuangalia."

Mmoja wa wale wazee akasema bila kuinua macho, "Na Alhamisi pia hakunawa."

Nikasimama. Kwenda kwenye mfereji nilizifuata nyayo, moja baada ya nyingine. Nadhani mimi ndiye wa kwanza kuzikanyaga.

"Usikimalize hicho kipande cha sabuni," Mama Sein akaniambia. "Kile ulichotuachia Jumapili kiliisha kwa siku moja tu. Jumatatu."

Jumatatu sikuwa pale. Nilishinda Kajiado mjini.

Anayetaka kucheka acheke, bora awe amenawa. Mimi niko na ripoti ya kurekebisha kabla ya saa tatu asubuhi, na bado sijui niandike nini: ama Jumatatu watu walinawa bila kuangaliwa na mtu, ama kuna mtu Kitengela alienda nyumbani na sabuni yangu.